Kivuko Nilichokisahihisha

Sehemu ya Saba

Kwa uliyenikosa wiki jana, nitakufupishia mara moja tu. Naitwa Pui, nina miaka arobaini na mitatu. Mume nimeshamfukuza, jarida nililolitumikia miaka kumi na sita limekufa, na sasa nasahihisha miswada katika nyumba ndogo ya kuchapisha vitabu ya Dada Jeab, hapa Thonburi. Vitabu vyenyewe ni riwaya za mapenzi ya wanawake kwa wanawake. Bangkok nzima imepata wazimu nazo.

Wiki jana niliishia pale Dada Jeab aliponipigia simu Ijumaa asubuhi, sauti imemkauka.

"Pui, acha kila kitu uje. Namkhang yuko njiani."

Namkhang ndiye mwandishi anayetulipia kodi ya ofisi. Hilo ni jina lake la kalamu, la kweli hakuna anayelijua. Hakuna aliyewahi kumwona wala kumsikia. Hutuma sura zake mtandaoni kila Jumapili, wasomaji elfu arobaini wanalia pamoja, basi.

"Anakuja kufanya nini?"

"Anamtaka aliyesahihisha kitabu chake."

Yaani mimi.

Nilikwenda kichwa juu. Nilijua kinachomuuma. Niliposahihisha kitabu chake kipya, *Sindano na Chaki*, nilimwandikia maoni pembeni mwa kurasa, na sikumbembeleza.

Ngoja niwaambie riwaya hizi zikoje, msije mkatupa hela zenu. Kuna mwanamke tajiri, mrefu, mkavu, haongei, ana kampuni na gari jeupe. Kuna mwingine maskini mwenye mashavu, kazi yake kumwaga kahawa. Anaimwaga kwenye blauzi ya yule tajiri ukurasa wa saba. Ukurasa wa thelathini mvua inanyesha. Ukurasa wa themanini na moja wanafika hoteli yenye kitanda kimoja. Kisha mmoja anapata homa, mwenzake anampikia uji wa mchele, na uji huo unapikwa kurasa tisa. Mwishoni wanahamia pamoja na paka. Hakuna anayekufa. Hata paka hazeeki.

Na watu wazima, wenye shahada na kazi zao, wanasoma hayo wakilia. Halafu wananunua nakala ya pili ya kuweka kabatini bila kuivua nailoni.

Kwenye ule ukurasa wa mvua niliandika: "Tena? Hawa wanawake hawana mwavuli?" Kwenye kitanda kimoja: "Hoteli gani hii isiyo na mkeka?" Kwenye busu la kwanza, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, niliandika: "Hapa msomaji atatapika."

Na kila mara Namkhang alijibu kwa maneno yaleyale: "Asante, mwalimu. Iache tu." Upole huo ulinitia hasira kuliko matusi.

Nilimkuta Dada Jeab anafuta meza ambayo haijafutwa tangu mwaka juzi.

"Ukimjibu vibaya nakufukuza," akaniambia.

"Dada, mimi nasema ukweli tu."

"Ukweli wako ukale nyumbani. Hapa tunauza mapenzi."

Mlango ukagongwa.

Aliingia mwanamke mfupi wa miaka sitini na minane, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, mkononi mfuko wa ndizi za kukaanga.

Alikuwa mama yangu.

Nilidhani nimefumaniwa. Maana mama yangu ni mwalimu mstaafu wa lugha, na nilikuwa nimemdanganya kwamba nasahihisha vitabu vya jiografia vya shule. Ningemwambiaje ukweli? Mwalimu Prayong, aliyetuchapa rula kwa kukosea mashairi ya kale!

"Mama! Umefuata nini huku?"

"Na wewe? Jiografia imehamia huku?"

Dada Jeab alitutazama kwa zamu. "Mnajuana?"

"Huyu ni mama yangu."

"Na mimi," mama akasema, akiziweka ndizi mezani, "ndiye Namkhang."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza peke yangu.

Kishikwambi anachoandikia nilimnunulia mimi. Kila asubuhi hunitumia picha ya maua yenye salamu, ya njano Jumatatu, ya waridi Jumanne, kama wazee wote wa nchi hii. Nilijua uwezo wake unaishia hapo. Saa za asubuhi, huniambia, yuko hekaluni na kikundi cha kutafakari. Kumbe anatafakari midomo ya watu.

Mama alivaa miwani. "Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. 'Hapa msomaji atatapika.' Ni wewe?"

"Mama, sikujua kama—"

"Nimekuuliza, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilikufundisha kuandika kwa adabu kuliko hivyo."

Dada Jeab alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia meza. Nikadhani tumemaliza. Mama akatoa kitabu mkobani, kipya, nailoni imechanwa upande mmoja, akakifungua mwishoni kabisa.

Mwishoni ndipo penye sura ya nyongeza. Riwaya hizi huisha mtandaoni bure, basi ili mtu anunue kitabu cha karatasi, mwandishi huongeza sura moja isiyopatikana kwingine kokote. Wasomaji huikimbilia hiyo kwanza.

"Nani amebadilisha gati?" mama akauliza.

Hapo nikapata nguvu. Hapo nilikuwa na haki.

"Mimi. Na unishukuru. Kitabu kizima kinasema wale wawili hukutana kwenye kivuko cha Pak Kret. Sura ya nyongeza ikasema Bang Si Mueang. Hawawezi kuwa na vivuko viwili. Umesahau mwenyewe, nikakusahihishia."

"Hukuniuliza."

"Ungesema asante mwalimu, iache tu."

Mama alikaa kwenye kiti cha Dada Jeab bila kukaribishwa. Akavua miwani. Machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta.

Sikuwahi kumwona mama analia. Hata siku tulipouchoma mwili wa baba hekaluni alisimama wima kama yuko paredi.

"Pui," akasema, "unamkumbuka Lamduan?"

Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipotamani kweli kazi yangu iwe ya jiografia.

Lamduan alikuwa fundi cherehani. Alipanga chumba cha chini nyumbani kwetu Bang Kruai nikiwa na miaka sita, akakaa miaka saba. Baba alifanya kazi kwenye treni za kusini, nyumbani alikuja mwisho wa wiki. Siku nyingine zote tulikuwa watatu mezani: mama, mimi na Shangazi Lamduan. Nikiwa na miaka kumi na tatu, baba alimfukuza. Cherehani yake aliitupa kwenye mfereji, tukiwa tunaangalia.

"Namkumbuka kidogo," nikasema.

"Mimi namkumbuka sana," mama akasema. Akamgeukia Dada Jeab, kana kwamba kwa mgeni ni rahisi zaidi. "Huyo mrefu mwenye gari jeupe ndiye yeye. Alikuwa mfupi kuliko mimi, na jino moja la mbele lilikuwa limevunjika. Lakini nani atasoma hiyo?"

"Mimi ningesoma," Dada Jeab akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Siku anaondoka hatukupewa hata nafasi ya kuagana. Alinipitishia neno moja tu, kwa muuza samaki. Kwamba siku nikiweza, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, gati la Bang Si Mueang. Sikuweza. Baba yako alipokufa ndipo nikaweza. Nimekwenda miaka tisa, Pui. Kila Jumamosi ya kwanza nakaa pale na kula tambi peke yangu."

"Uliniambia unakwenda kupimwa sukari."

"Na wewe uliniambia jiografia."



"Sasa kwa nini riwaya?" Dada Jeab akauliza. "Si ungetangaza redioni?"

"Lamduan hasikilizi redio. Alikuwa anasoma riwaya za mapenzi za kukodi, mbili kwa wiki, anaziegemeza kwenye cherehani. Nilikuwa nikimcheka. Mimi mwalimu wa lugha! Nikamwambia unasoma uchafu. Akaniambia, Prayong, basi nipe kitabu chako kimoja kizuri. Nikampa. Ndani yake kulikuwa na wanawake wawili wanaopendana. Mmoja alikunywa sumu, mwingine akaolewa na mkuu wa wilaya. Akanirudishia kesho yake. Akaniuliza, hiki ndicho kisafi?"

Mama akapenga kamasi kwa kitambaa kilekile cha meza.

"Nilijua kama bado yuko hai, bado anasoma riwaya za mapenzi. Nikaziandika. Mtandaoni kila mtu anasoma, nikaficha gati, nikaandika Pak Kret. Kwenye sura ya nyongeza tu nikaweka penyewe, ili mtu mmoja aelewe kwamba ni yeye anayeitwa. Sasa kitabu kimeshatoka, na Jumamosi ya kwanza ni kesho, na penyewe hapapo."



Nilikuwa nimekichukua kitu kimoja cha kweli katika kitabu kizima na kukifanya kifanane na uongo uliobaki. Na nilikuwa nimejipongeza. Siku ile nilikwenda hata kula bata wa kuchoma kwa furaha ya kumkamata Namkhang na kosa.

"Hadi leo sijui ni nani aliyemwambia baba yako," mama akasema. "Nafikiri ni yule muuza mboga. Alikuwa na mdomo. Kwenye kitabu nimeandika ni yeye."

Sasa nyinyi mnaonisoma ni watu wa kuambiwa. Mama si wa kuambiwa.

Ni mimi.

Muuza mboga hana kosa. Mwisho wa wiki mmoja kulikuwa na maonyesho hekaluni, gurudumu la kupanda, sinema ya kitambaa, kila kitu. Mama na Shangazi Lamduan walikwenda Ijumaa, siku moja kabla ya baba kurudi, wakaniacha kwa jirani na hesabu za kufanya. Walirudi wananukia sukari ya kuungua, wanacheka kwenye ngazi. Hawakuniletea kitu.

Kesho yake baba alikuwepo mezani. Nikamwambia, nikiwa natafuna: "Baba, unajua mama analala chumba cha chini ukiwa safarini?"

Nilijua ninachosema. Watu hupenda kusamehe watoto kwa kusema hawakujua. Mimi nilijua vizuri kabisa, na nilichagua siku.

Ndiyo sababu nazichukia riwaya hizi. Mvua na paka ni visingizio. Zote zina yule mtu aliyesema, awe mama mkwe au mfanyakazi mwenza mwenye wivu, na kwenye kurasa za mwisho anaanguka miguuni mwa wale wawili, nao wanamwinua. Kila mara. Nikifika hapo nilikuwa naandika pembeni: "Haiaminiki."

Mama aliondoka bila kuniaga. Nilimkimbilia hadi barabarani.

"Mama, kesho nitakwenda mimi Pak Kret. Wewe nenda Bang Si Mueang. Akitokea kokote, tutampata."

"Utamtambuaje? Si unamkumbuka kidogo?"

Alinitazama kwa jicho lile la darasani. Kisha akasema: "Tutakwenda wote Pak Kret. Bang Si Mueang nimeshakaa miaka tisa, hakuna mtu."

Basi Jumamosi saa tatu tulipanda teksi. Mama alivaa blauzi ya njano, kama mhusika wake. Nilitaka kucheka, sikuthubutu. Njia nzima alishika mkoba magotini kwa mikono miwili.

"Mama, akija utamwambia nini?"

"Nitamuuliza kama ameshakula."

"Basi?"

"Ulitaka nimwage kahawa?"

Tulifika gatini saa nne kasoro kidogo, na nikaona kitu ambacho mimi, mjuaji wa kila kitu, sikukifikiria.

Kulikuwa na watu kama sitini, karibu wote wanawake, na karibu wote wamevaa njano.

Hii ndiyo tabia yao, na nilikuwa nimeisahau. Wasomaji wa riwaya hizi hufuata nyayo. Wahusika wakila tambi mahali, wao watakwenda kula tambi hapohapo, watapiga picha bakuli, watakaa kiti kilekile. Kitabu kilisema Pak Kret, Jumamosi ya kwanza, saa nne. Basi hawa wote walikuwa wamekuja kumsubiri mtu asiyekuwepo, kwenye gati nililoliweka mimi kwa kalamu nyekundu.

Dada Jeab alikuwa katikati yao, anauza vitabu juu ya kiti cha plastiki.

"Pui!" akapiga kelele. "Umetuletea soko!"

"Nyamaza, Dada, nakuomba."

Mama alisimama akiwaangalia. Nilidhani angekasirika. Alikuwa anawaangalia tu, mmoja mmoja, kila mwenye nywele za mvi akimrudia mara mbili. Na walikuwepo wenye mvi! Nilikuwa nikidhani ni wasichana wa shule tu. Walikuwepo bibi wawili wameshikana mikono kwenye benchi, viatu vyao vya kamba vinafanana.

"Atakuwa miongoni mwa hawa?" nikamnong'oneza.

"Simwoni. Labda nimemsahau sura."

"Huwezi."

"Miaka thelathini, Pui. Mimi mwenyewe nikijiona kwenye kioo naamkia kama mgeni."

Alikwenda kukaa kwenye banda la tambi. Nikabaki nimebanwa na msichana mmoja mwenye sare ya unesi chini ya koti, kitabu kwapani, macho mekundu.

"Dada, nipige picha na mto kwa nyuma," akaniomba.

Nilimpiga. Hasira zangu zote za tangu jana zikatafuta pa kutokea, zikamkuta yeye.

"Mdogo wangu, hebu niambie. Una akili zako. Unausomea nini upuuzi huu?"

Hakukasirika. "Umekisoma?"

"Mara nne. Nalipwa."

"Pole. Ukilipwa utamu unaisha."

"Mwisho unaujua tangu ukurasa wa saba. Wataishi pamoja. Unatafuta nini huko kati?"

"Ndiyo sababu," akasema. "Mimi nipo chumba cha dharura. Mtu akiingia sijui kama atatoka. Jana wametoka wawili, watatu hawakutoka. Nikifika nyumbani nataka kitu ambacho najua kitaisha vizuri, na watu wake wawe kama mimi. Zamani nilisoma vitabu vya maana. Kila mwanamke kama mimi alikuwa anazikwa. Nikaona mbona hiyo ni kazini tena?"

"Lakini ni uongo."

"Na hivyo vya maana vilikuwa kweli? Mimi mbona sijafa?"

Sikumpenda hata kidogo kwa hilo. Nilimrudishia simu yake.

"Halafu," akasema, "mimi hasa napenda pale mwishoni, yule mbaya anapoomba msamaha."

"Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Hakuna anayesamehewa kirahisi hivyo."

"Umewahi kujaribu?"

Nilimwacha amesimama hapo. Watoto wa siku hizi hawana heshima.

Saa nne ikapita. Saa nne na nusu. Boti ya kwenda kisiwani ilikuja na kuondoka mara sita. Wale wa njano walikula, wakapiga picha, wakalia kidogo, wakaanza kutawanyika. Mama alikuwa ameagiza mabakuli mawili ya tambi. Lake alikuwa hajaligusa. La pili lilikuwa upande wa pili wa meza, na tambi zimevimba kwa mchuzi.

Nilikaa pembeni yake, si mbele. Kiti cha mbele nilikiogopa.

"Mama, ni kosa langu."

"Ulifanya kazi yako. Uliona vitu viwili havifanani."

"Sisemi hilo la gati."

Alinigeukia. "Unasema lipi?"

Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka, maneno yalikuwa ulimini. Nilikuwa nimeshasema "Siku ile ya maonyesho ya hekaluni," nikafika hapo.

"Samahani, wakubwa."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, lafudhi ya kusini. Hakuvaa njano. Mkononi alikuwa na *Sindano na Chaki*, imesomwa mpaka mgongo umekatika. Alipeleka viganja vyake pamoja hadi kwenye paji la uso, akamwinamia mama kama watu wanavyomwinamia mwalimu wao.

"Wewe ni Mwalimu Prayong?"

Mama aliinuka ghafla, kiti kikaanguka.

"Ni mimi."

"Mimi ni mtoto wa kaka yake Lamduan. Tumetoka Songkhla tangu jana. Tumemkodia chumba hapa karibu, na gari, miguu inamsumbua."

"Yuko hai," mama akasema. Hakuuliza. Alilisema kama mtu anayejisomea kwa sauti.

"Yuko hai, mwalimu. Yuko pale, kwenye lile gari la kijani karibu na ukuta wa hekalu. Amekaa humo tangu saa tatu. Amekuona ukishuka kwenye teksi."

Nilitazama. Gari la kijani lilikuwepo, vioo vyeusi vimepandishwa. Tangu saa tatu! Na sisi tumekaa hapa na tambi zinavimba.

Dada Jeab alikuwa amesogea, kitambaa mdomoni. Wale bibi wawili wa benchi waliinuka. Nesi wangu aliweka mkono kifuani. Walikuwa wameelewa, wote, bila kuambiwa, maana ni watu waliofanya mazoezi ya kusubiri jambo hili vitabu sitini mfululizo.

Mama alishaanza kutembea, mkoba umeachwa mezani. Yule mpwa akamzuia taratibu kwa kiganja.

"Mwalimu, subiri. Nisamehe, ametutuma hivi, na nimemwapia."

"Anasemaje? Mahali pamekosewa, najua, nitamweleza."

"Kuhusu mahali alicheka tu. Alisema mahali si penyewe, lakini mengine yote ni ya kwenu." Yule mwanamke alibana kitabu kifuani. "Ila kuna jambo moja hakulicheka, la yule muuza mboga. Amesema hatashuka garini, na wewe usiende kwake, mpaka kwanza azungumze na yule mtoto."

"Mtoto?"

"Yule aliyemwambia baba yake. Shangazi alikuwa jikoni anapakua supu, alimsikia kwa masikio yake. Hajawahi kumwambia mtu mpaka jana kwenye treni. Anamtaka huyo peke yake, kisha ndipo aamue kama atashuka au tugeuze gari."

Wote waliobaki gatini walitugeukia. Hata muuza tambi aliacha kukoroga.

Mama hakumtazama tena yule mwanamke, wala lile gari. Alinigeukia mimi polepole.

"Mtoto gani, Pui?"

Nyumba yetu haikuwahi kuwa na mtoto mwingine.